Sindano na Isale

Mtu akikwambia kwamba siri ndogo haina madhara, muulize kama amewahi kuishi na mama mzazi kwenye nyumba ya vyumba viwili. Haika na mumewe Anselm walijaribu, pale Kilburn, Londoni, ghorofa ya pili juu ya duka la kinyozi, na siri yenyewe haikuwa hata ya aibu. Haika alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba hiyo ilimletea kisukari. Walijaribu kubadili chakula, wakajaribu vidonge, mwisho daktari akasema sasa ni sindano za insulini, kabla ya kila mlo na nyingine wakati wa kulala, mpaka mtoto azaliwe. Wengi wakishajifungua, sukari hushuka yenyewe. Basi wakaona hakuna haja ya kumwambia mama yake Haika, Marcelina, aliyekuwa anajiandaa kuja kutoka Kibosho kumtunza mwanawe wakati wa uzazi.

Sababu yao ilikuwa nzuri, na sababu nzuri ndizo zinazoponza watu. Baba yake Haika, mzee Philemon, aliuawa na kisukari. Aliikimbia sindano miaka yote, akanywa majani ya kila aina, na siku alipokubali kuchomwa mguu ulikuwa umeshaoza. Kichwani mwa Marcelina mambo yalijipanga hivi: kwanza sindano, halafu mguu, halafu jeneza. Haika alisema mama akiona tu ile kalamu ya kuchomea insulini, presha itampanda na nyumba itakuwa na wagonjwa wawili. Anselm alikubali shingo upande. Wakatia kalamu za akiba ndani ya kopo tupu la siagi, wakalisukuma nyuma kabisa ya friji.

Haika hakuweza kujichoma mwenyewe. Ni mwanamke asiyeogopa kitu, ofisini kwao wanamwita kila wakigombana na wapangaji, lakini ngozi yake mwenyewe na sindano vilimshinda. Kazi ikawa ya Anselm. Naye dereva wa basi la ghorofa, anayepita Edgware Road kwenye mvua bila kukunja uso, alitetemeka mbele ya kisindano kifupi kuliko punje ya mchele. Alinawa mikono kama padri, akabana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, akachoma. Kisha akasugua. Alisugua kwa kidole gumba, kwa nguvu na kwa upendo, kama nesi wa zahanati ya misheni alivyokuwa akiwasugua wao utotoni ili dawa ienee.

Na alichoma palepale kila siku, upande wa kushoto chini ya kitovu, kwa kuwa kwenye picha ya hospitali mtoto alionekana amelalia kulia na Anselm aliogopa kumgusa. Sindano zenyewe walipewa boksi zima, lakini watu waliokulia penye shida hawatupi kitu kilichotumika mara moja. Sindano moja iliwafikisha kesho, wakati mwingine keshokutwa. Zamu ya Anselm ikigongana na chakula cha mchana, Haika alijichoma mwenyewe macho amefumba, na siku hizo damu ndiyo ilitoka zaidi. Tumbo lake likawa na rangi tatu: zambarau ya jana, kijani ya juzi, na njano ya kabla ya hapo.

Hapo ndipo Marcelina alipofika, na sanduku lenye uzito wa ndizi za mtori, maharage, na nguo za mtoto ambaye hajaonekana.

Marcelina ni mwanamke mwenye mikono isiyotulia. Siku ya pili alikuwa ameshajua duka la Wasomali lenye nyama nzuri, siku ya tatu alikuwa amepanga upya makabati yote, na kama kopo la siagi lilipona ni kwa sababu yeye hali siagi. Alipika mtori mzito, supu ya ndizi na nyama, asubuhi na jioni, akakaa mbele ya Haika mpaka bakuli lionekane kitako. Haika alikula. Sukari ikapanda, kliniki wakaongeza dozi, na tumbo likazidi kuiva. Marcelina alipotaka kumpaka mwanawe mafuta tumboni, kama yeye alivyopakwa na mama yake, Haika alivuta blauzi chini akasema anasikia baridi. Ulikuwa mwezi wa Julai, na Londoni nzima ilikuwa inalalamikia joto.

Ukuta kati ya vyumba viwili vile ni mwembamba. Kila mara kabla ya chakula, Haika na Anselm waliingia chumbani wakafunga mlango kwa ufunguo, na Marcelina, aliyekuwa jikoni akipakua, alisikia.

"Tulia. Usisogee," sauti ya Anselm ilisema.

"Unaniumiza, Anselm."

"Nyamaza basi. Mama atasikia."

Kisha walitoka, Haika akiwa na macho mekundu, Anselm akitabasamu na kuuliza leo tumepikiwa nini. Hebu wewe ungefikiri nini? Marcelina alifikiri hivyohivyo. Lakini mwanzoni alijikemea, akasema mambo ya mke na mume ni yao wenyewe, mgeni hayaingilii. Alipofua aliona matone ya damu kwenye nguo za kulalia, madogo, upande wa tumbo tu. Akaloweka, akasugua, akaanika, akanyamaza.

Asubuhi moja Anselm akiwa kazini, Haika alinyoosha mikono kushusha sufuria kwenye rafu ya juu, na blauzi ikapanda. Marcelina aliyaona yote. Aliuliza taratibu, bila kuinua sauti, ni nini kile.

"Nilijigonga kwenye meza, Mama," Haika akasema, haraka mno.

Lo! Meza. Nchi yetu ina fanicha katili sana. Wanawake wangapi wameuambia umma kwamba walijigonga kwenye meza, wakapigwa na mlango, wakaangukiwa na kabati, na fundi seremala hajawahi kushtakiwa hata mmoja. Haika alitaka kumkinga mama yake na neno sindano, akachukua neno la kwanza lililokuwa karibu, na kati ya maneno yote ya Kiswahili akachukua lile. Hakuna uongo mwingine ambao ungemharibia mumewe kama huo.

Maana Marcelina alikuwa na mdogo wake, Gladness. Aliolewa Uru, na mwaka wa pili wa ndoa alikuja kwa dada yake, mimba imechomoza, akasema amejigonga kwenye mlango. Alifungua kanga amwonyeshe. Marcelina aligeuza uso, akasema hayo funika, ndoa ni kuvumilia. Mume akaja baada ya siku chache na isale mkononi. Asiyejua Uchagani ajue hivi: isale ni jani refu la mti unaopandwa mipakani na makaburini, na mtu akikuletea isale lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kumkatalia. Isale halikataliwi. Gladness alimtazama dada yake, dada yake akasema rudi, jani limeshafika. Gladness alirudi. Mvua za masika hazikuisha kabla hawajamzika, yeye na mtoto wake kaburi moja.

Kwa hiyo pale jikoni Kilburn, sufuria likiwa bado mikononi mwa Haika, Marcelina aliapa kimoyomoyo kwamba huyu wa pili hatamfunika kanga.

Akaanza kumchunguza mkwewe. Na hapa ndipo mtu unapomwonea huruma Anselm, kwa sababu kila alichofanya kilimchongea. Alimsalimia mama mkwe kwa kuinama, na Marcelina akakumbuka kwamba mume wa Gladness naye alikuwa na adabu mbele za watu. Alimnunulia viatu vya kuvaa ndani, akaonekana anahonga. Alimkataza mkewe kuinua ndoo ya nguo, akaonekana anaficha ushahidi. Siku moja Marcelina alimwambia Haika, wakiwa wawili tu, kwamba akitaka kurudi nyumbani, watarudi wote, na hakuna atakayemuuliza kitu. Haika akacheka, akamkumbatia, akadhani mama amekumbuka ng'ombe zake. Mlango ulikuwa wazi pale, neno moja tu lingetosha, na wote wawili wakaupita.

Jumamosi ile jumuiya ilisali Queensbury, kwa mzee Nickson, mwenyekiti wao. Ni Watanzania Wakatoliki wa upande ule wa mji, wengi wanatoka Kilimanjaro, wanakutana nyumba kwa nyumba, wanasoma Neno, wanasali, halafu wanakula pilau mpaka wanasahau walichosoma. Anselm alikuwa mweka hazina wao na ndiye aliyeanzisha nyimbo, kwa kuwa ana sauti. Marcelina alikaribishwa kwa vigelegele, akakalishwa kiti cha mbele.

Sasa katika sala za jumuiya kuna kipengele cha nia. Mwenye nia anaitoa kwa sauti, na wote wanaitikia. Na kila aliyewahi kukaa kwenye jumuiya anajua kwamba nia ndiyo njia yetu ya kusemana. Huwezi kumwambia jirani amezidi pombe, lakini unaweza kumwombea, kwa jina la utani, huku yeye mwenyewe akiitikia. Marcelina alikuwa amesali hivyo tangu ujana wake. Hakumjua polisi wa Londoni wala namba ya kupiga. Alichojua ni nia.

Mmoja akaombea wagonjwa. Wakaitikia, Ee Bwana, utusikie. Mwingine akaombea wanafunzi na mitihani yao. Ee Bwana, utusikie. Marcelina akasimama, rozari mkononi.

"Tuwaombee wanaume wanaowapiga wake zao wajawazito," alisema. "Mmoja yuko humu ndani. Tumbo la mwanangu limekuwa jeusi kwa mkono wake. Ee Bwana..."

"Utusikie," nyumba nzima ikaitikia, kwa mazoea, na Anselm akiwa miongoni mwao kwa ile sauti yake nzuri.

Ndipo maana ikawafikia. Vichwa vikageuka kimoja kimoja. Mama Nickson, mke wa mwenyekiti, alishika mdomo. Anselm alikuwa bado ameshika kitabu cha nyimbo, anatazama huku na huku kama mtu anayetafuta ni nani anayesemwa, na alipoona macho yote yamemwelekea, kitabu kikamtoka mkononi.

Haika alisimama kwa shida, tumbo mbele. Alifungua mkoba, akatoa kalamu ya insulini, akainua blauzi mbele ya wanaume na wanawake na picha ya Moyo Mtakatifu.

"Ni sindano, Mama," alisema. "Nina kisukari. Anselm ananichoma kwa sababu mimi naogopa. Hajawahi kunipiga hata kofi."

Marcelina alisikia mambo mawili kwa pamoja, kwamba amemwua mkwewe mbele za watu na kwamba mwanawe ana ugonjwa wa Philemon, na hakujua aanze kulia kwa lipi. Akakaa. Anselm aliokota kitabu, akakiweka mezani vizuri, akamwambia mzee Nickson kwa upole kwamba ana shifti ya jioni. Hakuwa na shifti. Alivaa koti akatoka, na pilau ikaliwa na wachache.

Ungetarajia mambo yaishe hapo, kwa sababu ukweli umesemwa. Lakini ukweli hutembea kwa miguu, na uongo hupanda treni. Walioondoka mapema waliondoka na nusu ya habari, na waliobaki wengine walisema mama mzazi hawezi kusema bure, na kwamba wanawake huwatetea waume zao hata meno yakiwa chini. Pale gereji ya mabasi Mkenya mmoja, Naftali, rafiki yake Anselm wa miaka mingi, alimuuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuko sawa. Alimuuliza kwa wema. Anselm alisema kuko sawa, akaenda kukaa ndani ya basi lake tupu mpaka muda wake ulipofika.

Nyumbani hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Marcelina alipiga magoti siku ileile, jikoni, akasema mwanangu nimekukosea, na Anselm akamwinua, akasema yameisha. Lakini tangu hapo alisema "Shikamoo" peke yake, ile "Mama" ya mwisho akaiacha. Na sindano hakuishika tena. Haika alipomletea kalamu kama kawaida, aliitazama, akasema mkono wake unatetemeka, afadhali ajaribu mwenyewe. Haika aliingia chumbani peke yake. Marcelina alikuwa jikoni, na safari hii kupitia ule ukuta alisikia mwanawe tu, akivuta pumzi, akisita, akilia kidogo. Angetoa chochote asikie tena sauti ya mwanaume ikisema tulia.

Kliniki iliyofuata Anselm alisema hawezi kupata ruhusa kazini. Tangu mimba ianze hakuwahi kukosa hata moja. Marcelina akaenda mahali pake, Haika akimtafsiria. Nesi wa kisukari, Anne-Marie, ni mwanamke mnene mchangamfu, na alipoona tumbo hakushtuka. Aliuliza tu maswali: wanachoma wapi, sindano moja wanaitumia mara ngapi, na wakishachoma wanafanya nini. Haika akaeleza. Anne-Marie akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akaanza kufundisha.

Alisema sindano ikitumika tena inakuwa butu, inachana badala ya kutoboa, kwa hiyo kila mara iwe mpya na ya zamani iende kwenye boksi lake la njano. Alisema wahame, leo kushoto, baadaye kulia, kesho pajani, wasirudie penye alama mpaka papone. Mtoto yuko mbali, ana kuta nyingi, kisindano kile hakimfikii hata kidogo. Wasubiri kidogo kabla ya kuitoa. Tone la damu likitoka si kitu, ni kimshipa kidogo kimeguswa, na dawa imeshaingia. Wakandamize polepole kwa kidole, basi. Ila kusugua, hapana. Kusugua ndiko kunakoifanya damu ivilie chini ya ngozi na kutandaa.

Haika alipomtafsiria hilo la mwisho, Marcelina alitazama kidole gumba chake. Kisha akasema hata yeye angesugua. Alisema nani kule kwetu hajasuguliwa baada ya sindano? Basi zile alama zilikuwa kweli za mkono wa Anselm, na zilikuwa hivyo kwa sababu alikuwa anamhurumia. Aliuliza pia, akiona haya, kama mtori una ubaya. Anne-Marie akataka kujua umetengenezwa na nini, na jibu lilipokuja alieleza kwa upole kwamba bakuli dogo, na si mara mbili kwa siku. Mwishoni Marcelina aliuliza alichotaka kuuliza tangu alipoingia: sindano hii itamwua lini. Anne-Marie alimshika mkono, akasema inayoua ni sukari, sindano ndiyo inayozuia. Marcelina alimkumbuka Philemon na majani yake yote, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiyachemsha kwa imani. Hilo hakuomba litafsiriwe.

Wakiwa wanarudi kutoka kituo cha treni, alisimama mbele ya duka moja la Kilburn High Road linalouza maua na vyungu. Nje palikuwa na mche mrefu, majani ya kijani yaliyojikunja kama majani ya mahindi. Aliinama, akalishika jani kwa vidole viwili. Lilikuwa isale. Huko Kibosho linaota mpakani bila mtu kuuliza, na huku Wazungu wanaliweka sebuleni kando ya televisheni, liwape hewa safi, bila kumwomba mtu msamaha. Akalinunua, akalibeba mpaka ghorofa ya pili mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Alichagua jani zuri, akalikata, akalifunga fundo jinsi inavyotakiwa. Akakaa nalo jikoni akimsubiri mkwewe arudi kazini. Akilipokea, mambo yamekwisha, kimila yamekwisha, na hata Mchaga aliyezaliwa Londoni asingeweza kukataa, seuze huyu wa Kibosho. Ndicho alichotaka. Funguo zikalia mlangoni.

"Shikamoo," Anselm alisema, akipita.

"Marahaba, baba. Pole na kazi."

Na mkono wenye jani ukabaki ndani ya kitenge. Moyoni alikuwa amemwona Gladness. Aliiona ile sura ya mtu aliyeletewa msamaha asioweza kuukataa, anayegeuka kumtazama mwenzake amsaidie, na hasaidiwi. Marcelina hakutaka kumlazimisha mtu mwingine kwa jani. Akalikunja, akalitia ndani ya Biblia yake, akaenda kukoroga mboga. Mche wenyewe aliuweka dirishani. Anselm aliuona, maana mtu wa Kibosho hawezi kupita isale asilione, na aliona pia kikonyo kilichokatwa. Hakuuliza.

Wiki zikaenda hivyo, kila mmoja na adabu zake. Anselm hakukanyaga Queensbury. Mzee Nickson alipiga simu, akaja mwenyewe hata mara mbili, akasema kiti cha mweka hazina kinamsubiri. Anselm alimkaribisha chai, akamsindikiza mpaka kituo cha basi, na hakwenda. Nyimbo sasa inaanzisha Mama Nickson, na kila mtu anavumilia.

Jioni moja, Anselm akiwa mapumziko na anatengeneza kitanda cha mtoto sebuleni, Haika alitoka chumbani na kalamu mkononi, machozi yanamtoka. Alisema hawezi. Alikuwa amechoka, miguu imevimba, mikono haimtii, na chakula kinapoa. Alimtazama mumewe. Anselm alitazama bisibisi. Si kwamba hakutaka, alikuwa anataka, ilionekana wazi kwamba anataka, lakini mkono wake haukunyanyuka.

Marcelina akaenda kunawa.

Alikuwa hajawahi kuigusa ile kalamu. Alifunga sindano mpya kama alivyomwona Anne-Marie akifanya, akazungusha mpaka kwenye namba aliyotajiwa, akamkalisha Haika kwenye kochi. Alichagua upande wa kulia, ngozi iliyopona. Alimwambia mwanawe atulie, asisogee. Alijisikia akiyasema maneno hayo. Akachoma. Akasubiri. Alipotoa, tone la damu likafuata, jekundu, dogo, na kabla hajafikiri kidole gumba chake kilikuwa kimeshatua juu yake kuanza kusugua.

"Usisugue, Mama," Anselm alisema.

Alikuwa amesimama nyuma ya kochi, bisibisi bado mkononi. Nani alimwambia hilo la kusugua, Marcelina hakujua. Labda Haika, kitandani, kwa maneno ambayo ukuta safari hii haukuyapitisha.

"Bonyeza tu," akaendelea. "Hivyo. Uache."

Marcelina alibonyeza, akaacha. Hakugeuka kumtazama, kwa kuwa uso wake ulikuwa umeshaharibika, lakini ile "Mama" aliisikia vizuri. Anselm aliichukua sindano iliyotumika, akaitumbukiza kwenye boksi la njano, akaenda kupakua chakula.

Kesho yake alama ilitokea hata hivyo. Ilikuwa ndogo, zambarau, pana kama shilingi ya zamani, maana kimshipa kilikuwa kimeguswa na kimshipa hakijui nia ya mtu. Haika aliinua blauzi asubuhi mbele ya wote wawili, akasema kwa utani kwamba haya sasa, Mama naye amempiga, twende Queensbury tukaseme. Anselm alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Akasogeza kiti, akanawa mikono, akasema ya asubuhi hii ataichoma yeye, na mkono wake ulitetemeka lakini aliichoma.

Marcelina hakuweza kucheka. Alimwomba Haika asishushe blauzi kwanza. Akainama karibu, akaitazama ile alama ya mkono wake. Akaitazama tena siku iliyofuata, na iliyofuata, Haika akimwonyesha bila kuuliza sababu, mpaka ikawa kijani, ikawa njano, ikapotea. Ya Gladness hakuitazama hata mara moja.